Kutoka Ubao wa Nzega hadi Meza ya Mikocheni

Swali ninaloulizwa mara nyingi na walimu wenzangu, iwe kwenye semina au kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza chuo pamoja, ni moja: "Mwalimu, wewe ulipita mlango gani?" Wanataka kujua ilikuwaje mwalimu wa darasa la kwanza wa huko Nzega akawa mkuza mitaala katika Taasisi ya Elimu Tanzania, Mikocheni, Dar es Salaam. Wengine wanasubiri nitaje jina la mkubwa fulani. Wengine wanasubiri nitaje shahada. Shahada ninayo, niliisoma Chuo Kikuu Huria nikiwa bado nashika chaki, na bila hiyo barua yangu ya maombi isingesomwa. Ila kazi yenyewe sikufundishwa na shahada. Kazi ya mtaala, kwa ninavyoiona baada ya kukaa pande zote mbili, ni kazi ya kupunguza. Na kupunguza nilijifunza darasani, kimyakimya, kama wanavyojifunza walimu wote.

Naomba nieleze, maana sentensi hiyo ikimfikia mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, bila maelezo nitaitwa.

Asilimia 80 wameelewa

Nilitoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa na cheti cha Daraja la IIIA, nikapangiwa Nzega, mkoani Tabora. Chuoni mambo yalikuwa na mpangilio wake: unachukua muhtasari wa somo, ambao ni orodha ya mada za kufundisha, unautolea azimio la kazi, yaani mpango wa mada ipi itafundishwa lini, azimio unalitolea andalio la kila kipindi. Andalio nalo lina hatua: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, na kila hatua imepewa dakika zake. Wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na saa mkononi, na ole wako utangulizi uzidi dakika tano.

Kituo changu cha kazi kilikuwa na darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia, madawati ya kuwatosha nusu yao, na walio wengi nyumbani wakizungumza Kinyamwezi au Kisukuma. Kiswahili walikisikia dukani, redioni na kwetu sisi. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawa madaftari, chonga penseli zilizokatika, mtoe nje anayelia, mrudishe aliyemfuata anayelia; dakika kumi zimekwenda. Ukisema upitie kila daftari kwa dakika moja tu, madaftari mia ni saa nzima na dakika arobaini, na hapo bado hujaandika ubaoni hata herufi moja.

Kila aliyewahi kujaza andalio la somo nchini hapa anajua kinachofuata. Chini ya ukurasa kuna nafasi ya tathmini, na pale tunaandika: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo, waliobaki watasaidiwa wakati wa marudio." Nimeikuta sentensi hiyo Nzega, nimeikuta Lindi, nimeikuta Kagera, miandiko tofauti na maneno yaleyale. Watu wa ofisini huicheka na kusema walimu ni wavivu. Mimi siicheki. Ni namna mwalimu anavyoufunga ukurasa ili kesho aendelee, kwa sababu azimio la kazi linamdai mada nyingine. Nyuma yake kuna uamuzi ambao haujaandikwa popote: leo wamenielewa thelathini wa mbele, mada ya kesho nitaigusa juujuu, ya wiki ijayo naiacha kabisa ili nirudie silabi.

Mtaala wa shule za msingi wa wakati ule, ule wa 2005, ulikuwa umejaa. Pamoja na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Sayansi, kulikuwa na Stadi za Kazi, Haiba na Michezo, na TEHAMA, nasi shuleni hatukuwa na umeme. Kwenye ratiba ya ukutani vyote vilikuwapo, vimechorwa kwa rula na kalamu ya rangi. Kwa vitendo, kipindi cha TEHAMA watoto walikuwa wanasoma silabi na Haiba na Michezo ilikuwa Hisabati. Mwalimu mkuu alijua, Mratibu Elimu Kata alijua, na siku ugeni ukitangazwa kila mtu alirudi kwenye rula na kalamu ya rangi.

Hata siku zenyewe hazikutosha. Mwaka wa masomo una siku 194 kwenye karatasi. Toa wiki za mitihani, toa siku ambazo vyumba vimechukuliwa na watahiniwa wa darasa la saba, toa mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, toa mvua zinazokata njia ya mtoni. Halafu toa msimu ambao mpunga unaanza kubeba punje na ndege wakashuka, kwani mtoto wa miaka saba anayeweza kupiga kelele na kurusha udongo ni mlinzi kamili wa shamba, na kuamia ndege hakusubiri ratiba ya mtu. Aliyeandika muhtasari alihesabu 194. Mimi nilikuwa na zilizobaki.

Mwalimu aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, wa kizazi cha UPE, ile Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977 iliyolazimu walimu wapatikane haraka kutoka kwa vijana waliomaliza darasa la saba. Watani waliiita Ualimu Pasipo Elimu. Basi huyo wa Pasipo Elimu ndiye mwalimu bora wa kusoma niliyewahi kumwona, na miaka yote hii nimekuwa nikiangalia walimu wakifundisha kusoma.

Ujanja wake ulikuwa mlangoni. Kengele ya mapumziko ikilia hakuwafungulia wote mara moja. Alisimama kwenye kizingiti na kipande cha boksi alichokiandika silabi kwa mkaa, akawaita kumi kwa majina, kila mmoja akasoma silabi moja au mbili, akatoka. Wengine wote wakapita bila kuulizwa. Kesho yake kumi wengine. Aliyekwama alikuwa hamgombezi. Alimwekea nukta ya wino kwenye kiganja, na baada ya uji wenye nukta walikuwa wanakaa mbele. Hakuna mtoto aliyeona aibu, kwa sababu nukta ilikuwa inatafutwa kama zawadi. Ndani ya wiki mbili na ushee alikuwa amewasikia watoto wake wote, mmoja mmoja, bila kupoteza hata kipindi kimoja.

"Wewe mwanangu," aliniambia, "usihangaike na wote. Sikiliza kumi tu leo. Lakini wasikilize kweli."

Mtihani unapokuwa mtaala

Baadaye nikapewa kazi ya mwalimu wa taaluma. Kwa wasiojua, huyo ndiye anayepanga ratiba, anayekusanya maazimio ya kazi na maandalio, na anayelaumiwa matokeo yakitoka. Hapo nikaona kitu ambacho mwalimu wa darasa moja hawezi kukiona: kila mwenzangu alikuwa anapunguza, na kila mmoja alipunguza kwa kipimo chake. Wa darasa la tatu aliruka mada zisizo na picha kitabuni. Wa darasa la tano aliruka zile ambazo yeye mwenyewe hakuzipenda. Wa darasa la saba alipunguza kwa kisu kikali kuliko wote, kisu cha mitihani iliyopita.

Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uligeuzwa wote kuwa wa kuchagua majibu, fomu za OMR, zile za kusiliba jibu kwa penseli, zikaanza kusahihishwa na mashine. Sababu zilikuwapo, kusahihisha mitihani ya watoto laki nane au tisa kwa mikono si mchezo. Lakini shuleni kwetu insha ilikufa mwaka huohuo. Hakuna waraka uliosema insha isifundishwe. Muhtasari ulikuwa palepale, mada palepale, vipindi palepale. Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba alisoma muundo wa mtihani, akafunga daftari la insha, akafungua kitabu cha maswali ya A hadi E. Na katika Hisabati watoto walianza kujifunza kukisia.

Sikuweza kumlaumu, na mpaka leo siwezi. Shule ilikuwa inapangwa nafasi wilayani kwa matokeo, na mtu hapangwi nafasi kwa insha ambayo haikuulizwa. Nilichojifunza ni kwamba kama wenye dhamana hawapunguzi kwa uwazi, mtihani utawapunguzia, na mtihani hauna habari na mtoto wa darasa la kwanza.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza, bila kujua, kuelekea Mikocheni. Nilinunua daftari la kaunta nikaanza kuandika mada ambazo kila darasa liliziacha kila muhula, na sababu yake: muda, kitabu hakipo, mwalimu haijui, haitoki kwenye mtihani. Sikuwa na mpango nalo. Nilikuwa nimechoka kusaini maandalio ambayo wote tulijua hayakufundishwa.

Mwaka walipopunguza wao

Tangu 2010 watu wa Uwezo, mpango wa kiraia wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto wasome hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na walipotoa matokeo ya kwanza nchi ilishtuka: katika darasa la tatu, takriban mtoto mmoja tu kati ya watatu aliweza kuisoma ile ya Kiswahili. Mimi sikushtuka. Ilikuwa mara ya kwanza nchi nzima kuangalia ile "asilimia 80 wameelewa" kwa macho yake. Kisha ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013, na KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ikawa habari ya mawaziri.

Mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili ulipoingia mwaka 2015, ulifanya jambo ambalo sikulitegemea kutoka juu. Ulikata. Karibu asilimia 80 ya muda wote wa darasani ikatengwa kwa KKK. Kiingereza kikasogezwa hadi darasa la tatu. Mengine yakafinywa yakakaa kwenye muda uliobaki. Herufi zikaanza kufundishwa kwa sauti zake kabla ya majina yake, mtoto aone jinsi sauti zinavyoungana kuwa silabi, silabi kuwa neno. Walimu wa darasa la kwanza na la pili, kundi ambalo kwa desturi hupewa mwalimu mgeni au aliyekosana na mkuu, ghafla wakaitwa kwenye mafunzo kabla ya wa darasa la saba.

Niliteuliwa kuwa mwezeshaji wa mafunzo hayo katika chuo kimoja cha ualimu. Siku ya pili mama mmoja kutoka Sikonge alinyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu, unatuambia tuache kufanya tuliyokuwa tunaandika kuwa tumefanya?" Ukumbi ulicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Ndiyo, nikamwambia, na sasa mnaruhusiwa kuandika ukweli.

Matokeo yake yamefanyiwa utafiti, na ningependa kila mwandishi wa habari za elimu aujue. Watafiti waliofuatilia alama za watoto waligundua kwamba mwaka mmoja tu baada ya mabadiliko, kiwango cha Kiswahili na Hisabati kilipanda, na kilipanda zaidi pale walimu walipopata mafunzo mapema. Watoto wanaoacha shule walipungua, na upungufu huo ulionekana hadi miaka minne mbele. Na hapohapo, wastani wa ufaulu katika mtihani wa taifa wa darasa la nne ulishuka.

Soma tena hapo. Ufaulu ulishuka kwa sababu watoto dhaifu, ambao zamani wangekuwa wameshakata tamaa na kwenda machungani, sasa walikuwa bado darasani na wamekaa kwenye mtihani. Mtaala uliofanya kazi yake ulionekana umeharibu. Jaribu kumweleza hilo mtu aliyeshika jedwali la ufaulu, anayetaka kujua kwa nini mkoa wake umekuwa mwekundu. Nimejaribu mara kadhaa, na kama kuna sehemu ya kazi hii ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, ni hiyo.

Mikocheni

Taasisi ya Elimu Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya 1975 kama Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ikapata jina la sasa mwaka 1993. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja: kuandaa mtaala, mihtasari, vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu, yaani vitabu vya kumwongoza namna ya kufundisha, kuwafunza walimu namna ya kuvitumia, na kufuatilia kama vimefanya kazi. Nilianza kwa kuitwa mara mojamoja kama mwalimu katika paneli ya somo, kundi linalokaa na wahadhiri, wadhibiti ubora na watu wa mitihani kuandika. Kisha nafasi ikatangazwa, nikaomba.

Niwaambie wanaouliza habari ya mlango: mlango una bei yake. Ukibadilishiwa kada kutoka ualimu, unaanza ngazi ya chini ya kada mpya, na kama mshahara wako ulikuwa juu unabaki nao kama mshahara binafsi, umesimama, mpaka cheo kiufikie. Watoto wangu waliniona nimehamia Dar es Salaam wakadhani tumetajirika. Kodi ya nyumba mtaani Mwenge iliwasahihisha.

Kinachonisikitisha zaidi ya mshahara ni jinsi tunavyohesabu heshima. Mwalimu akifundisha vizuri, watu wote wanaompenda wanamwombea atoke darasani: awe mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, mdhibiti ubora, au kama mimi. Yule mama wa mlangoni alipelekewa barua ya kuwa mwalimu mkuu akaikataa, na wilaya nzima ilimwona ana kasoro. Aliendelea na darasa la kwanza hadi anastaafu. Kama kipimo ni idadi ya watoto wanaosoma kwa sababu yako, mimi sijamfikia na sitamfikia, na kwenye muundo wa utumishi hakuna mstari unaolionyesha hilo.

Sasa njoo ndani ya chumba cha paneli. Meza ndefu, kompyuta, chai na vitumbua, muhtasari umewekwa ukutani kwa projekta. Kabla ya kazi kuanza inasomwa barua. Ofisi fulani ya umma inaomba mada yake iingizwe. Barua ni nzuri, hoja ni nzuri. Usalama barabarani: watoto wanagongwa kweli. Rushwa: nani apinge? Kodi, dawa za kulevya, VVU, mabadiliko ya tabianchi, lishe, usawa wa kijinsia, matumizi salama ya mitandao. Tunayaita masuala mtambuka, na kila moja lina watu wanaolipigania kwa moyo safi. Kila mmoja anasema kama konda wa daladala ya Mbagala jioni: sogea kidogo, nafasi ipo. Na kwa kweli kila mada peke yake nafasi inapata. Zote pamoja ndizo zinazomkalia mtoto.

Kazi ya kuongoza mtaala, nikiivua koti la vyeo, ni kuwa yule anayeuliza, "Ni vipindi vingapi, na tunavitoa wapi?" Ukiliuliza mara ya kwanza unaonekana makini. Ukiliuliza mara ya tano unaonekana unapinga usalama barabarani.

Niliwahi kushikilia mstari mmoja wa rasimu ya kiongozi cha mwalimu karibu asubuhi nzima. Mstari ulisema: "Mwalimu amsikilize kila mwanafunzi akisoma." Nani anaweza kuupinga? Nikaomba ruhusa nikaenda ubaoni. Darasa la watoto mia, kila mmoja nusu dakika, hizo ni dakika 50. Kipindi ni dakika 30. Tumeandika agizo lisilotekelezeka, na agizo lisilotekelezeka halikai bure: linazaa sentensi ya asilimia 80. Mhadhiri mmoja akasema kiongozi kinaeleza hali inayotakiwa, na hali halisi ni jukumu la wengine, wajenge madarasa, waajiri walimu. Ana haki. Lakini kitabu kinafika shuleni Januari na darasa jipya halifiki nacho. Nikawaeleza habari ya mlangoni, watoto kumi kwa siku, kipande cha boksi, nukta ya wino. Nukta ilikataliwa, mtu wa afya alikuwa na hoja zake. Kumi kwa siku ikapita.

Mwaka wa saba

Rais Samia alipolihutubia Bunge tarehe 22 Aprili 2021 alisema sera na mitaala ya elimu itapitiwa upya. Kuanzia hapo hatukulala. Maoni yalikusanywa kutoka kila kona, rasimu zikajadiliwa kwenye kongamano kubwa Dodoma Mei 2023, na Januari 2024 utekelezaji ukaanza kwa awamu: awali, darasa la kwanza, la tatu, na kidato cha kwanza kwa mkondo wa amali. Malengo na mada za zamani zimepisha umahiri mkuu na umahiri mahususi, yaani kile mtoto anachotakiwa kuweza kukifanya. Sekondari imepata mkondo wa jumla na mkondo wa amali, mtoto atoke na ufundi mkononi. Elimu ya lazima imekuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari.

Sita, si saba. Hiyo ndiyo punguzo kubwa kuliko yote ambayo kizazi changu kimeshuhudia, na cha ajabu watu wanalizungumzia kama jambo la majengo. Kutoa mwaka mzima ni rahisi kwenye sera. Kwenye muhtasari ina maana kila kilichokuwa darasa la saba lazima kiende mahali: kishuke, kipande sekondari, au kiondoke. Wakati wa kuandika, kishawishi ni kushusha tu, kuibana miaka saba ndani ya sita na kuita hilo mageuzi. Nilichopigania katika somo langu ni mada ziondoke kabisa. Nyingine ziliondoka. Nyingine zilitoka kwa mlango wa mbele zikarudi kwa dirishani zikiwa zimebadilishwa jina kuwa shughuli za kujifunza.

Kiingereza nacho kimerudi darasa la kwanza. Mimi binafsi ningekiacha kisubiri miaka miwili, kwa sababu namkumbuka mtoto wa Nzega ambaye Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya ugeni. Ila wazazi wanakitaka, na wanakitaka kwa sababu nzuri: sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na mwenye uwezo tayari anamlipia mwanawe shule ya Kiingereza tangu chekechea. Ukimnyima mtoto wa shule ya serikali kwa hoja ya ufundishaji, umemwachia mwenye pesa peke yake. Hoja hiyo ni nzito, sikuwa na jibu la kuitosha.

Kwa walimu wanaotaka njia hii, nawaambia jambo moja la vitendo. Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na shule zina jumuiya za ujifunzaji ambapo walimu wanakaa kujadili somo. Nyingi nilizozitembelea zinakaa kujaza fomu kwamba zimekaa. Chache zinakaa na swali la kweli: kwa nini umahiri huu umetushinda, tuufundisheje, na kama hautoshi muda tuache nini ili cha msingi kisiachwe? Mwalimu anayeandika majibu ya swali hilo, kwa tarehe na kwa mifano ya madaftari ya watoto, tayari anaongoza mtaala, awe na barua au asiwe nayo. Lile daftari langu la kaunta ndilo nililokwenda nalo kwenye usaili. Waliacha vyeti mezani wakalisoma hilo.

Kwa sasa kinachoninyima usingizi ni 2027. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 na mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka huo, na waliokuwa darasa la nne wakati uleule watamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mmoja amesoma Uraia na Maadili na Maarifa ya Jamii, jirani yake wa dawati moja amesoma Historia ya Tanzania na Maadili na Jiografia na Mazingira. Mmoja ana mwaka mmoja zaidi wa shule. Wote wawili wana mwalimu mmoja, na wiki za mwanzo za kumsaidia huyo mwalimu hazitaongezeka hata kwa siku moja.

Nimewaomba walimu kadhaa wa kidato cha kwanza waniorodheshee, kwa masomo yao, kipi kifundishwe kwa wote mwanzoni na kipi kirukwe. Orodha ya kwanza imenifikia kutoka Igunga wiki hii. Imeandikwa vizuri sana, ina mada kumi na tatu za kuongeza na moja ya kutoa. Nimemrudishia mwenyewe nikamwomba aanze na ile moja.